Kabla ya kununua kompyuta, tuulize historia ya cherehani

Swali linaloulizwa sana siku hizi katika nyumba za Lushoto, Soni, Mlalo na Bumbuli si la bei ya kabichi wala la mvua za vuli. Ni hili: kijana amepata nafasi ya chuo, anahitaji kompyuta mpakato, ile ambayo wengi wetu tunaiita laptopu, je, tumnunulie HP, Dell au Lenovo? Nimeulizwa hivyo na wakulima, na walimu, na watu wazima ambao hawajawahi kubonyeza kitufe cha kompyuta lakini wanajua wazi kwamba wao ndio watakaolipa.

Ndugu msomaji, hili si swali la kuchekwa. Fedha za laptopu hiyo zimetoka kwenye magunia ya viazi na matenga ya nyanya yaliyoteremshwa kwa lori hadi Mombo, kisha yakaenda kushindana na bei za wachuuzi wa Dar es Salaam. Ni fedha za msimu mzima, pengine za misimu miwili. Mashine ikifa baada ya miezi minane, nyumba hiyo haina nyingine ya akiba. Mwenye nacho akinunua mashine mbovu amepata hasara tu. Mtoto wa mkulima anaweza kupoteza mwaka wa masomo.

Katika maongezi ya wiki hii sitataja jina moja nikasema ndilo hilo, kimbilieni. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba swali lenyewe tunaliuliza kombo, na shahidi wangu ni historia. Watu wa milima ya Usambara hawakuanza jana kuchagua mashine ya nyumbani kati ya majina ya kigeni. Wamefanya hivyo kwa muda mrefu, na mara nyingi walichagua kwa busara kuliko sisi tunaojiita wa kisasa.

Tuanze na cherehani. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893, na mwaka 1905 reli hiyo ilifika Mombo, chini ya mlima. Juu, Wajerumani walikuwa wameifanya Lushoto makao ya utawala na kuiita Wilhelmstal. Tangu hapo bidhaa za viwandani zilikuwa na njia ya kufika milimani: zinashushwa Mombo, halafu zinaukwea mlima. Miongoni mwa mashine zilizoingia katika nyumba na vibaraza vya Afrika Mashariki katika enzi hiyo na zilizofuata, hakuna iliyojijengea jina kama cherehani ya Singer.

Singer ilikuwa kampuni ya Marekani, na kuanzia mwaka 1885 kiwanda chake kikubwa cha Clydebank, Uskochi, kilitoa cherehani zilizosambaa duniani. Wengi husema Singer ilishinda kwa sababu ilikuwa imara. Imara ilikuwa, lakini hiyo ni nusu tu ya habari. Tangu mwaka 1856 kampuni hiyo ilikuwa ikiuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Tena ilijenga mtandao wa mawakala waliouza sindano, mikanda na vipuri, na waliomfundisha mnunuzi namna ya kushona. Kwa maneno mengine, mtu hakununua chuma peke yake. Alinunua chuma, na sindano ya kesho, na mtu wa kumkimbilia uzi unapokatika.

Kisha yakaja mabadiliko ambayo wazee wengi wanayakumbuka. TAZARA ilipojengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975, sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina hapa nchini, na macho yetu yakazoea bidhaa zenye maandishi ya Shanghai. Cherehani ya Butterfly, ile yenye picha ya kipepeo, ikakaa kibarazani pembeni ya Singer. Je, fundi aliikataa kwa sababu jina lilikuwa geni? La hasha. Alifungua kifuniko na kutazama ndani. Akaona kwamba umbo lile alilijua, kwa maana viwanda vya Japani na China vilikuwa vimeiga aina ya 15 ya Singer. Sindano ya moja iliingia kwenye nyingine. Bobini ilikuwa ileile. Fundi aliyejua kutengeneza moja alijua kutengeneza zote mbili. Hapo ndipo mashine ya Kichina ilipopata uraia katika masoko yetu, na wala haikuupata kwa uzuri wa kipepeo aliyechorwa juu yake.

Tuje kwenye redio, chombo ambacho mimi nakila mkate wake. Baada ya Uhuru, redio ya nyumbani Tanzania ilikuwa hasa na majina mawili mdomoni mwa watu. Kulikuwa na Philips, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa na kiwanda chake Arusha. Na kulikuwa na National, ya kampuni ya Matsushita ya Japani, ambayo mwaka 1966 ilianzisha kiwanda Dar es Salaam. Kila jina lilikuwa na mashabiki wake, na ubishi wao haukupishana sana na ubishi wa Simba na Yanga.

Lakini ndani ya nyumba isiyokuwa na umeme, nani alikuwa hakimu wa ubishi huo? Alikuwa ni betri. Redio iliyokula betri haraka ilinyamazishwa na mwenye nyumba hata kama sauti yake ilikuwa tamu kama kinanda. Ilifunguliwa saa ya habari na saa ya matangazo ya vifo, basi. Betri zikichoka zilianikwa juani juu ya bati ili zipate uhai wa siku mbili tatu, na katika ukungu wa Julai kule Lushoto jua lenyewe lilikuwa la kubahatisha. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara aliuliza maswali mawili: inakula betri ngapi, na betri hizo zipo duka la kijijini?

Msidhani hayo yalikuwa mambo madogo. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, ambamo karibu watu milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kusikiliza kipindi cha redio na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Kikundi kizima kilitegemea redio moja. Siku ya kipindi ikifika, hakuna aliyejali kama juu yake pameandikwa Philips au National. Walijali kwamba isikike. Redio kimya ilimaanisha somo limepotea.

Na majina yenyewe yakawaje? Jina la National, lililokuwa limeandikwa katika maelfu ya nyumba zetu, liliwekwa kando na wenyewe. Mwaka 2008 kampuni ya Matsushita ilijiita rasmi Panasonic. Aliyenunua jina alibaki na kumbukumbu. Aliyenunua chombo kinachotengenezeka aliendelea kusikiliza.

Sasa tufike kwenye kompyuta yenyewe. Hapa tunaye mwalimu mkubwa, naye ni serikali yetu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, nayo ilikuwa aina ya ICT 1500. Jina hilo lilikuwa la kampuni ya Uingereza. Lakini ukifungua kifuniko, kama fundi cherehani alivyofanya, ungekuta kwamba mashine hiyo ilikuwa RCA 301, iliyobuniwa na kampuni ya Marekani na kuuzwa na Waingereza kwa jina lao. Tena mwaka 1968, miaka mitatu tu baadaye, kampuni ya ICT iliunganishwa na nyingine na kuwa ICL. Ndivyo tulivyoingia katika zama za kompyuta: jina la juu si la aliyeunda, na jina lenyewe halikudumu.

Hilo lisingekuwa tatizo kama watu wa kuiendesha wangekuwapo. Hawakuwapo wa kutosha. Wataalamu walitegemewa kutoka nje, gharama zilipanda, na kazi ya kuweka hesabu za serikali kwa kompyuta ikavurugika. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta pamoja na televisheni. Wapo wanaoucheka uamuzi huo hadi leo. Mimi siuchekii. Nchi iliyokuwa na uhaba wa fedha za kigeni ilikuwa imenunua mashine kabla ya kuandaa mafundi, ikaungua vidole. Kosa halikuwa kuchagua ICT badala ya jina jingine. Jina lolote lingeanguka palepale, kwa sababu swali la fundi halikuulizwa kwanza.

Milango ya biashara ilianza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, na kompyuta zikarudi. Kwanza maofisini na katika vyuo, baadaye katika vibanda vya intaneti mijini, na sasa nyumbani. Leo mnunuzi kutoka Usambara akifika Kariakoo anakutana na rafu ndefu zenye majina mengi, na muuzaji mwenye maneno matamu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Lakini katika rafu hizo vyote viwili vinajitembeza kwa pamoja, tena vimepakwa mafuta vikang'aa.

Tuyatazame majina hayo kwa jicho la historia. Toshiba ya Japani, iliyotoa laptopu aina ya T1100 mwaka 1985 na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa biashara hii, ilijitoa kabisa mwaka 2020. Compaq, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1982 na kuwa jina la kuogopwa, ilimezwa na HP mwaka 2002. ThinkPad, mashine nyeusi inayosifiwa na mafundi, ilizaliwa mwaka 1992 ikiwa mali ya IBM ya Marekani. Mwaka 2005 IBM iliiuza biashara hiyo kwa Lenovo ya China. Mtu aliyeapa mwaka 2000 kwamba hatanunua kitu cha Mchina, na aliyeapa kwamba hataiacha ThinkPad, wote wawili walikuta viapo vyao vimehamishwa bila kuulizwa.

Zaidi ya hayo, sehemu kubwa sana ya laptopu za dunia zinaundwa na kampuni za Taiwan ambazo majina yake hayaandikwi juu ya kifuniko, kama Quanta na Compal, katika viwanda vilivyopo zaidi China. Kampuni moja inaweza kuwaundia wenye majina wawili au watatu wanaogombana sokoni. Usione vyaelea, vimeundwa. Na aliyeunda si lazima awe aliyesaini.

Hata ndani ya jina moja mna koo tofauti. Hadi mwaka 2025 Dell ilikuwa na ukoo wa Latitude uliotengenezwa kwa ajili ya maofisi, na ilikuwa na Inspiron kwa ajili ya nyumbani. HP ina EliteBook upande mmoja, na ilikuwa na Pavilion upande wa pili. Lenovo ina ThinkPad, na ina IdeaPad. Mashine za koo za maofisini kwa kawaida huundwa ili fundi wa ofisi azifungue na kubadilisha kilichokufa, kwa kuwa kampuni inayonunua mashine elfu moja haikubali kuzitupa kwa ajili ya kibodi. Zile za bei nafuu za nyumbani mara nyingi hubanwa gharama. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji; sifa iliyopatikana ofisini hutumika kuuza bidhaa nyepesi zaidi kwa mtu wa nyumbani. Kwa hiyo anayeuliza "HP au Dell?" ni sawa na anayeuliza kama gari ni bora kuliko gari.

Tena laptopu za mtumba zinazojaa madukani nyingi zimetoka maofisini Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, zikatumika miaka michache na kuuzwa kwa mafungu. Ndiyo sababu mkulima wa Mlalo anaweza kupata Latitude au EliteBook kwa laki kadhaa, wakati ikiwa mpya asingeigusa. Ni neema, lakini neema yenye miiba, na miiba hiyo inafaa kutajwa.

Kwanza ni umri. Kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa programu ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inayoifuata haikubali rasmi mashine nyingi za zamani. Kwa mashine zenye kichakataji cha Intel, kipimo rahisi ni kizazi cha nane. Soma kibandiko: kikiandikwa i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, yaani kizazi cha sita, kimepitwa. Kikiandikwa i5-8250U, ni cha nane, kinakubalika. ThinkPad T470 na T480 zinafanana kama mapacha kwa macho. Lakini T470 ni ya kizazi cha sita au cha saba, na T480 kwa kawaida huja na cha nane. Muuzaji anajua tofauti hiyo. Mnunuzi naye aijue.

Pili ni kufuli. Mashine ya ofisi inaweza kuwa bado ina neno la siri la mwenye mali wa zamani katika mipangilio yake ya ndani kabisa. Iwashwe mbele yako, na mipangilio hiyo ifunguliwe mbele yako, kabla fedha haijahesabiwa.

Tatu ni betri na chaja, na hapa tumerudi palepale pa redio. Betri ya mtumba imeshazeeka. Swali ni kama nyingine inapatikana Tanga au Dar es Salaam, na kama inatoka kwa kufungua skrubu chache. Chaja za Dell za zamani zina sindano katikati, za Lenovo zina kichwa cha mstatili, kila moja na lake. Afadhali siku hizi kuna kichwa cha USB-C kinachoingia katika mashine za majina mbalimbali, na Umoja wa Ulaya umekiweka kisheria, kwa laptopu tarehe ikiwa 28 Aprili 2026. Hiyo ndiyo sindano ya Singer inayoingia kwenye Butterfly. Mwenye kuchagua na ashike hapo.

Nne ni umeme. Kompyuta ya mezani hunyamaza umeme unapokatika, na kazi isiyohifadhiwa hupotea nayo. Laptopu ina akiba yake, na chaja yake kwa kawaida ni ya wati 45 au 65, kiasi ambacho mtambo wa wastani wa jua unaweza kukibeba. Kwa nyumba ya bondeni, ambako nguzo bado hazijafika, tofauti hiyo ina maana kuliko rangi na wembamba wa kifuniko.

Tano ni kufungulika. Zipo laptopu nyembamba za kupendeza ambazo RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Ukinunua ndogo, utaishi na ndogo. Nyingine unafungua, unaongeza, mashine inakuwa kijana tena. Kwa kazi za kawaida za nyumbani na chuo, RAM ya GB 8 na diski ya SSD vinatosha, na mashine inayoruhusu kuongezewa baadaye ni sawa na shamba lenye nafasi ya kupanuliwa.

Najua atatokea msomaji aseme: "Ndugu mtangazaji, unataka kutuambia kwamba jina si kitu?" Sisemi hivyo. Jina ni kitu, ila kwa sababu tofauti na ile inayotangazwa. Jina lina thamani pale linapokuwa limeenea kiasi kwamba vipuri vyake vinaokotwa, na fundi ameshalifungua mara hamsini. Singer ilikuwa na thamani hiyo. National ilikuwa nayo kwa sababu ya betri zake. Jina zuri mno ambalo Lushoto nzima liko moja tu ni yatima; siku likiugua halina ndugu wa kulichangia damu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mzazi wa Usambara ni huu. Kabla hujapanda basi kwenda Dar es Salaam, nenda kwa fundi wa kompyuta aliye karibu nawe, iwe Lushoto mjini, Korogwe au Tanga. Usimwulize ipi bora. Mwulize ni zipi anazotengeneza kila wiki, ni zipi ana mizoga yake kwenye boksi kwa ajili ya vipuri, na ni zipi alizowahi kuzirudisha kwa mwenyewe akasema hakuna dawa. Majibu hayo matatu yana thamani kuliko matangazo yote ya barabarani. Kisha zungumza na jirani ambaye mtoto wake naye anakwenda chuo. Mkinunua watatu au wanne aina moja, mmeshajiwekea akiba: chaja moja itaokoa mbili, na siku moja mashine iliyokufa itazifufua zilizobaki. Mwaka 1973 watu walizunguka redio moja wakajifunza pamoja. Sioni aibu gani wajukuu wao wakichagua pamoja.

Serikali ilijifunza somo la fundi kwa gharama za Hazina. Mkulima hana Hazina nyuma yake, ana shamba. Ndiyo maana namsihi aulize kwanza. Kwa leo naishia hapo. Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.